Mayai ya Maji kwa Mgeni wa Kiangazi

Kuku hutaga sana wakati wa mvua, na wakubwa wa Bulamatari, yaani serikali ya wazungu, walisafiri wakati wa kiangazi. Mambo hayo mawili hayakupatana hata mwaka mmoja katika kijiji chetu, na aliyesimama katikati yake alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa mlinzi wa nyumba ya wageni ya serikali, kwenye barabara itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Ni nyumba ya matofali ya udongo iliyopakwa chokaa, vyumba viwili na baraza, na hakuna aliyelala humo ila mzungu aliyekuwa safarini. Miezi ya mvua barabara ilikuwa matope matupu. Baba alifukuza popo darini, akaziba palipovuja, akangoja. Mwezi wa sita mvua ilipokata, wanaume waliitwa kutengeneza madaraja ya magogo, na baada ya hapo tulianza kusikia motokari. Bwana mkubwa wa teritwari, ndiyo wilaya yetu, alikuja kuandika watu, kutazama mashamba ya pamba na kusikiliza mashauri. Siku anayofika, kuni ziwe zimepangwa, mtungi uwe umejaa, na mayai yawe kwenye sahani. Kuni na maji vilitegemea mikono ya baba. Mayai yalitegemea kuku, na kuku hawakuwa na habari na Bulamatari.

Mimi kuku nawajua. Wanaonifahamu watashangaa kuona naandika hivyo, maana mbele ya watu huwa natazama vidole vyangu vya miguu, na mgeni akinisalimu jibu langu hulisikia mimi peke yangu. Lakini kuku nawajua. Nilipokuwa shule ya masista kule Kasongo, sista aliyetunza kuku wa misioni alinichagua nimsaidie, nadhani kwa sababu sikuwa na kelele za kuwashtua. Kwa miaka mitatu nilifagia banda lake, nikajifunza mengi kuliko niliyojifunza darasani. Yai jipya ukilitia majini hulala chini kwa ubavu. La zamani husimama. Lililooza huelea. Ukiviringisha jani la mgomba kama bomba, ukaweka yai mwisho wake na kulielekeza juani, unaona lililomo bila kulivunja. Nilipomaliza shule ya msingi na kurudi nyumbani, mama alinikabidhi kuku wetu saba na hakuniuliza tena habari zao.

Jambo hili lilitokea miaka mitatu iliyopita, nilipokuwa na miaka kumi na minne. Lakini lazima nianze na mwaka uliotangulia.

Mwaka huo kapita, msimamizi wa kijiji, aliagiza nyumba kumi zitoe yai moja moja kwa ajili ya Bwana mkubwa. Watu walitoa kwa moyo mweupe. Sasa, kwetu yai la mgeni lina desturi yake. Yai lililotagwa leo tunaliita yai la maji. Ukilivunja, mna maji ya njano na maji meupe, basi. Yai la heshima ni lile ambalo kuku amelilalia siku nyingi hata ndani mmekuwa na nyama. Mgeni akipewa hilo, anajua kwamba mwenye nyumba amejinyima kifaranga kwa ajili yake. Sisi wanawake hatuli mayai, kwa hiyo ladha ya hili wala ya lile siijui. Nasema nilivyosikia wanaume wakisifu.

Basi nyumba kumi zilijinyima vifaranga kumi. Baba aliyapokea mayai hayo kwa mikono miwili, akampa mpishi wa Bwana, mpishi akayachemsha. Asubuhi Bwana aliketi barazani, akaligonga la kwanza kwa kijiko, akaondoa ganda. Ndani mlikuwa na kichwa chenye mdomo.

Nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba na niliona. Bwana hakupiga kelele. Aliweka kijiko chini, akaenda mwisho wa baraza, akasimama muda mrefu ametupa mgongo. Kisha aliongea na mpishi, na mpishi akaja kwa baba.

"Muzee," akasema, "Bwana anauliza kama unamuchukia."

Baba hakuelewa. Alidhani kuna yai moja limekosa nyama.

"Anasema mwaka ujao akikuta tena mambo haya, atatafuta mlinzi mwingine."

Nieleze maana ya maneno hayo. Baba ana mguu mmoja uliopondwa na gogo, siku za kujenga daraja. Huweza kufagia, kubeba maji polepole, kupanga kuni. Kulima hawezi. Mlinzi wa nyumba ya wageni hakupimiwa shamba la pamba, ila wanaume wengine wote walipimiwa, na aliyeshindwa kulijaza alipelekwa kifungoni Kabambare. Baba akipoteza ufagio wake angepewa jembe, na kwa mguu ule jembe lingempeleka kifungoni kabla mwaka haujaisha. Tulijua hivyo sote. Baba hakulitaja hata siku moja.

Wala hakuweza kuwaambia watu. Angewaambiaje watu kumi kwamba heshima yao imemchefua mgeni? Alisema tu, "Bwana anawashukuru," nao wakafurahi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba ulipofika katikati, polisi alipita kwa baiskeli akatoa habari: Bwana mkubwa angekuja siku tatu nne baada ya sikukuu ya Mama Maria ya mwezi wa nane. Mama hakuwapo. Alikuwa amekwenda Wamaza kwa ndugu zake kujifungua, maana kwao mtoto huzaliwa nyumbani kwa wajomba zake. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja kukaa nasi ili nyumba isikose mwanamke mzima. Shangazi ni mjane, mwenye nguvu, anayesikika kabla hajaonekana. Anampenda baba kama mtoto aliyemzaa.

Jioni hiyo baba aliniita. Huniita "mama" anapotaka kitu kigumu.

"Mama, nataka mayai kumi ya kuku zetu wenyewe. Tusiombe mutu. Na yawe ya maji."

Shangazi alikuwa akitwanga. Mchi ulisimama hewani.

"Ya maji? Kaka, unampa mutu mukubwa maji ya kuku?"

"Ndiyo anayopenda."

"Nani amekuambia?"

"Mpishi wake."

"Mpishi iko na mudomo murefu." Mchi ukashuka. "Na kuku gani zitataga? Angalia zile. Zimevaa matambara."

Alisema kweli. Kiangazi ni wakati kuku wanabadili manyoya. Mwekundu alikuwa na shingo tupu kama mtu aliyenyolewa. Yule wa kilemba alikuwa amebaki na unyoya mmoja wa mkia, anatembea nao upande. Yule mweusi, ambaye vidole vyake viliungua utotoni kwa kulala karibu na jiko, alikuwa bado na manyoya lakini amejikunja kama mgonjwa. Asubuhi za kiangazi kwetu ni za baridi. Ukungu unapanda kutoka mtoni hata huoni jiko ukiwa mlangoni. Nyasi zimekauka, wadudu wameingia chini ya ardhi, moshi wa mashamba yanayochomwa unafunika jua hadi saa nne. Kuku anayeamka katika hali hiyo ana kazi moja tu, kujitia joto. Hana kilichobaki cha kutengeneza yai.

Lakini nilimwona sista akipata mayai kiangazi chote, na nilijua alivyofanya. "Yatapatikana," nikamwambia baba. Shangazi alinitazama kana kwamba mtungi umesema.

Nilianza na utitiri. Niliwatoa kuku wote, nikachoma majani makavu ndani ya banda, nikapaka kuta majivu na maji. Nje nilichimba shimo dogo, nikalijaza majivu na vumbi laini, na kuku walioga humo adhuhuri mpaka wakageuka rangi ya nyumba. Kisha nilihamisha fito zao za kulalia, nikazitia upande wa ukuta unaogusana na jiko la wageni. Kila alfajiri niliwasha moto mdogo katika jiko hilo, moto wa kupasha ukuta tu. Kuku hawakutoka kwenye ukungu hadi jua lipate nguvu. Shangazi alipita akasema nimefungua hospitali.

Chakula ndicho kilikuwa kazi. Mahindi peke yake hayaleti yai. Kuku anataka nyama, na nyama ya kuku ni mchwa. Wakati wa mvua anajiokotea. Kiangazi lazima umfuate mchwa nyumbani kwake. Nilichukua vyungu vinne vilivyopasuka, nikavijaza mabua ya mahindi na nyasi nilizolowesha kidogo. Jioni nilikwenda kwenye vichuguu nyuma ya shamba la mihogo, nikatoboa kwa jembe, nikafunika kila tundu kwa chungu, mdomo chini. Asubuhi mabua yalikuwa yamejaa mchwa. Nilivibeba vyungu upesi, nikavikung'uta mbele ya banda, na kuku wakasahau baridi. Yule wa kilemba alikula mpaka koo likamvuta upande, akalingana na mkia wake.

Niliongeza majani mabichi kutoka ukingo wa mto, mahali ambapo unyevu haukauki, na makombe ya konokono niliyoyatwanga, kwa ajili ya ganda. Siku ya kwanza hapakuwa na yai, wala ya tano. Shangazi alikuja kila jioni kuchungulia kiotani, akaondoka akipiga ulimi. Mimi sikuwa na wasiwasi. Upanga wa kichwani wa kuku mweusi ulikuwa umeanza kuwa mwekundu, na kuku ambaye upanga wake unarudi rangi, yai liko njiani.

Siku ya kumi na moja alitaga. Nilipeleka yai kwa baba likiwa bado na joto. Alilishika kidogo kwenye kiganja, akanirudishia. Nililitia alama ya mkaa na kuliacha kiotani, kwa sababu kuku hupenda kutaga palipo na yai. Baada ya hapo alifuata yule wa madoa, na baada yake mwekundu, shingo yake ikiwa bado nusu uchi. Kila yai nililitoa jioni, nikaliweka katika kikapu chenye pumba, ndani, mahali pa baridi. Mtu akiniuliza kama nilijivuna, nilijivuna.

Kulikuwa na kuku mmoja ambaye hakutaga. Alikuwa koo mkubwa wa rangi ya majivu, amekaa kwenye kona ya ghala siku nzima, akivimba na kudonoa kila mkono. Alitaka kuatamia. Nilimtoa mara tatu. Shangazi alisema, "Muache, anataka kuzaa, wewe unamukataza kwa nini?"

Siku sita kabla ya sikukuu kikapu kilikuwa na mayai saba, na kuku watatu wanataga. Ndipo masista waliponiita. Waliwaita wasichana wote waliomaliza shule kwenda kushona vitambaa vya altare na kufagia kanisa. Baba alisema niende. Kamio, lori la misioni, ilipita, nikapanda. Nilimwomba shangazi awape kuku mchwa, atoe mayai jioni, aache lile la alama.

"Nimefuga kuku kabla baba yako hajaota meno," akasema. Nikaenda nikiwa na amani.

Nilirudi siku ya pili baada ya sikukuu, mchana. Bwana alitazamiwa kesho kutwa yake. Kuku walikuwa wazima, chungu kimoja kimevunjika, uwanja umefagiwa. Niliingia ndani, nikainua kitambaa cha kikapu. Ndani mlikuwa na pumba.

"Shangazi, mayai yako wapi?"

Alikuwa akichambua mboga, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyengoja aulizwe. "Nimeyasaidia," akasema. "Njoo uone."

Alinipeleka kwenye kona ya ghala. Koo wa majivu alikuwa amekaa juu ya kiota kipya cha nyasi laini, amejitandaza kama mkeka. Shangazi alimwinua kidogo kwa kiganja. Mayai yote yalikuwa chini yake, yale saba na mengine manne yaliyotagwa nikiwa sipo.

"Tangu lini?"

"Siku ile ile uliyoondoka. Yalikuwa baridi katika pumba kama mawe ya mutoni, nikaona huruma. Nimefikiri maneno ya mwaka jana. Bwana alikasirika kwa sababu gani? Watu walileta mapema. Kifaranga kilikuwa hakijajaa, kichwa na mudomo tu, mwili hakuna. Mutu mukubwa hawezi kula nusu. Ningekuwa na siku zaidi, haya yangekuwa mazuri sana. Lakini hata hivi siyo maji tena. Kaka yangu hatapata haya mara ya pili."

Nilimtazama. Alikuwa amechagua koo bora, amelaza mayai kwa mpangilio, amemwekea maji karibu. Hata sista asingeweka kiota vizuri zaidi. Nikasema, "Asante, shangazi," kwa sababu hakukuwa na neno jingine ambalo mtoto wa kaka angeweza kumwambia.

Nilichukua moja, nikaviringisha jani la mgomba, nikaelekeza juani. Ndani mlikuwa na doa jekundu lenye nyuzi nyembamba pande zote, kama buibui mdogo. Nilitazama la pili na la tatu. Baadaye nikaacha kutazama, nikayarudisha kwa koo.

Baba alikuwa barazani akipaka chokaa upya. Nilimwambia mayai yamelaliwa. Sikusema na nani. Alitazama upande wa ghala, akasikia sauti ya shangazi akiimba, akajua.

"Yamebaki mangapi?"

"Moja. La kuku mweusi, la leo."

Aliendelea kupaka. Mguu mbaya aliuegemeza ukutani, kama anavyofanya akisimama muda mrefu. "Kesho nitapita kwa watu," akasema. "Nitawaambia."

Nilijua angewaambia nini na ingekuwaje. Nyumba zile kumi zingejua kwamba Bwana aliyatupa mayai yao, na kwamba baba aliwaficha mwaka mzima. Wangemletea mayai, ndiyo, lakini wasingemletea tena kitu kingine.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Baba aligeuka na brashi mkononi. Chokaa ilimdondokea mguuni. "Wewe?"

"Mimi."

Usiku nilifikiri jinsi ya kusema, na asubuhi nilikuwa nimepata. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mke wa kapita, mwanamke mnene anayependa kucheka. Alikuwa amekaa na jirani yake wakimenya mihogo. Nilipiga magoti kusalimu, nikatazama maganda.

"Mama, naomba yai baya."

"Yai nini?"

"Baya. La maji. Lililotagwa jana au leo. Zuri sitaki."

Waliangaliana. "Utalifanyia nini?" akauliza jirani.

"Ni la mutu asiyejua kula mayai."

Haikuwa uongo. Mke wa kapita alicheka mpaka kisu kikamtoka. "Masikini. Ni mugonjwa?"

"Hapana. Ndivyo alivyozoea kwao."

"Kwao hapana mama wa kumufundisha." Alimtuma mtoto wake kiotani. "Mupe lile la leo. Hata mbwa halitaki."

Ndivyo nilivyopita, nyumba kwa nyumba. Kila nilipofika niliomba lililo baya, na hakuna aliyeona uchungu kutoa kitu kibaya. Nyumba nyingi hazikuwa na yai, kwa sababu ya kiangazi. Mwanamke mmoja alinifuata njiani kunipa yai lililolaliwa wiki mbili, akasema hawezi kuniacha niende na aibu ile mkononi. Nililikataa mara mbili kwa heshima, na mara ya tatu nikalipokea, nikalipeleka kwa koo wa majivu. Mzee mmoja aliuliza kwa nini binti wa mlinzi, asiyesalimu watu, leo ana maneno mengi hivi. Nilihisi masikio yangu yakiwaka, lakini sikuacha kuomba. Jioni nilikuwa na mayai matano. Niliyapima majini. Moja lilisimama, nikaliondoa. Manne ya watu, la kuku mweusi la jana, na mawili yaliyotagwa siku hiyo kwetu. Saba.

Kesho yake saa nane motokari ilifika. Mpishi alishuka na masanduku yake, akamwita baba.

"Muzee, mwaka huu nimekuja na karai. Mayai ya kijiji hiki yana miguu."

Baba alimpa sahani. Mpishi akahesabu kwa kidole. "Saba? Mwaka jana ilikuwa kumi."

"Saba," baba akasema.

Mpishi alijaza karai maji, akatia yai moja. Lilikwenda chini, likalala. La pili likalala. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko amefunga mikono, na kila yai lilipolala chini alitikisa kichwa kwa masikitiko. Yote saba yalilala. Mpishi alinyanyuka, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani wa kuku hapa?"

Baba alinionyesha kwa kidevu. Mimi nilikuwa natazama vidole vyangu.

"Mama wa kuku," mpishi akasema, "kiangazi hiki tumelala Kabambare, tumelala Salamabila. Kote tumekula samaki ya kopo." Akaingia jikoni.

Asubuhi tulingoja nyuma ya nyumba, baba, shangazi na mimi. Baba alijifanya anapanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa. Tulisikia kijiko kikigonga ganda mara moja, mara mbili. Baba alishika kuni moja na hakuiweka chini. Kisha kijiko kiligusa sahani, na Bwana akasema neno, na mpishi akatoka.

"Bwana anauliza kama yako mengine," akasema. "Nimemuambia amekula mbili, na tano ni za njiani."

Baba aliketi juu ya kuni. Mguu wake mbaya aliunyoosha mbele, akausugua kwa kiganja kama mtu aliyefika. Kabla ya kuondoka Bwana aliandika katika kitabu cha nyumba, na mpishi alitusomea: mlinzi abaki.

Motokari ilipopotea, shangazi alizunguka baraza mara moja. "Masikini yule," akasema. "Mutu mukubwa, motokari, masanduku yote yale. Na anakunywa maji ya kuku." Alisema kwa huruma ya kweli. Kabla ya jua kutua alikuwa ameieleza kila nyumba. Sasa ni miaka mitatu, na kila kiangazi wanawake wa kijiji wananiwekea mayai yao mabaya bila kuombwa. Wengine wanatega vyungu kwenye vichuguu, maana nimewaonyesha. Hawampi Bulamatari kwa hofu. Wanamwonea huruma.

Siku ya nane baada ya Bwana kwenda, mama alirudi kutoka Wamaza. Alikuwa amembeba mdogo wangu mgongoni, na kaka zake wawili walimsindikiza kwa miguu, wamebeba mizigo. Hao ni wajomba zangu. Baba aliwaketisha, akaagiza maji ya kuoga, akaniita pembeni.

"Mama, mayai ya wageni."

Nilikwenda kwenye kona ya ghala. Shangazi alikuwa amekwisha kufika, amechuchumaa mbele ya koo wa majivu. Alikuwa anayashika moja moja, analipima kwa kiganja, anaweka sikio. Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita tangu alipoyaweka chini ya koo.

"Haya mane," akaninong'oneza. "Nyingine tumuachie atotoe. Haya yameiva."

Tuliyachemsha. Mjomba mkubwa alivunja la kwanza, akatazama ndani, akamwonyesha ndugu yake. Wakala polepole, kama watu wanaopewa haki yao. Alipomaliza alipangusa vidole, akauliza ni nani aliyetunza kuku wakati shemeji yake hana mke nyumbani, tena kiangazi.

Shangazi alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

"Ni mimi, mjomba," nikasema, na walinisikia wote.